Amina Niliyoongeza

Kwa miaka ishirini na saba kazi yangu imekuwa kurekebisha. Niko masjala katika ofisi moja ya bima pale Upper Hill. Faili ikija na jina limeandikwa vibaya, au tarehe imegeuzwa, au ukurasa wa tatu umetangulia wa pili, mimi ndiye ninayeiweka sawa kabla haijapanda kwa wakubwa. Sijawahi kulaumiwa kwa kurekebisha. Nasema haya mwanzoni ili anayesoma ajue mkono wangu ulizoea nini, si ili nijitetee.

Nilianza kujifunza piano nikiwa na miaka hamsini na tatu. Kanisa letu la mtaa wa Jamhuri lilikuwa limepata kinanda kizuri, kisha binti aliyekuwa akikipiga akaolewa Kitale. Kinanda kikakaa miezi minne kimefunikwa kitambaa cha meza. Jumatano moja kwenye ushirika wa kina mama nikasimama, nikasema kama hakuna mwingine, basi Bwana anitumie mimi. Walipiga makofi. Ngina, jirani yangu tuliyekua naye Kangundo, akaninong'oneza, "Mwongeli, vidole vyenyewe si hivi vya kusonga ugali?"

Nikapata darasa la jioni katikati ya jiji, Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Mwalimu alikuwa Mzee Tarsem, Kalasinga wa miaka sabini na tisa, mpima ardhi aliyestaafu. Alivaa kilemba cha rangi ya samawati na alitembea na fimbo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alisema mistari mitano ya muziki siku hizi anaiona kama mstari mmoja mnene. Lakini masikio hayakuwa na ukungu. Ungeweza kubonyeza noti moja isivyo, yeye yuko dirishani amekupa mgongo akiangalia wachuuzi chini barabarani, na angesema, "Mama, hiyo kidole ya nne imelala. Amsha yeye."

Sisi wa kwaya za kanisa tumelelewa kwa do-re-mi. Mistari mitano niliijua uzeeni. Kwa hiyo kila wimbo niliopewa niliuhamisha kwanza, noti kwa noti, kwenye daftari langu la do-re-mi, ndipo nikaucheza. Mwalimu alinitania sana kwa hilo.

"Unaandika nini huko kila siku? Piano iko hapa, haiko kwa daftari."

"Mwalimu, bila daftari sioni njia."

"Mimi sioni hata daftari, na njia najua."

Mwezi wa tisa alifungua kabati, akatoa kitabu kilichofungwa kwa uzi, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Kila kitu ndani kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, kwa mkono mdogo, safi, mkono wa mtu aliyezoea kuchora ramani. Juu kabisa palikuwa na maneno mawili: Vituko Saba.

Alikuwa amevitunga yeye mwenyewe, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, akiwa kwenye mahema ya upimaji huko kaskazini. Vilikuwa vipande saba vifupi vya piano, hakuna hata kimoja kilichopita kurasa mbili, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Paka Kwenye Ngazi. Kwikwi. Mwavuli Uliogeuka. Mjomba Anatafuta Miwani. Foleni. Lifti Imekwama. Cha mwisho kiliitwa Mzee Anasinzia Ibadani.

"Niliandikia Ekta, binti yangu, akiwa mdogo. Alikuwa anakataa kufanya mazoezi. Nikasema, nitamwandikia kitu ya kuchekesha."

"Akacheza?"

"Akakataa hiyo pia."

Havikuwahi kuchezwa mbele ya watu. Mwezi wa kumi na moja wanafunzi wake wa jioni huwa wanacheza katika ukumbi mdogo wa jumuiya pale Parklands, na mwaka huu alitaka kuvisikia mara moja, na alitaka nivicheze mimi. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu sikukosa darasa hata siku moja.

"Kitabu ni hiyo moja tu, mama. Fotokopi haisomi penseli, nimejaribu. Usiweke chai juu yake."

Sikuweka chai juu yake.

Wiki tatu nilivihamisha vipande sita vya kwanza kwenye daftari langu, kwa uaminifu, kama vilivyokuwa. Lakini vilinisumbua. Mkono wa kulia ulitembea kwenye vitufe vyeupe kwa amani, na mkono wa kushoto ukawa kwenye vyeusi, kama watu wawili wanaoimba nyimbo mbili tofauti bafuni. Wimbo ulikuwa ukienda vizuri, unajua kabisa unarudi nyumbani kwenye do, halafu unaangukia mlango wa jirani. Kila nilipokutana na noti ya namna hiyo niliweka alama ndogo ya kuuliza, kwa kalamu nyekundu, pembeni mwa daftari. Nilikuwa nikifanya mazoezi kanisani Jumamosi asubuhi, wakati Ngina anafagia.

"Mwongeli," aliniuliza akiwa ameegemea ufagio, "hicho kinanda kimeingia maji?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi aliyeandika alikuwa amekalia vitufe."

Nilicheka, lakini neno lake liliniingia. Nikaanza kufikiri juu ya macho ya mwalimu. Nikaona mzee yule, usiku wa jangwani, taa ya chemli, penseli butu. Bila shaka alikuwa amekosea mistari; sikujiuliza kama miaka ile macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Na kwa miaka arobaini hakuna aliyempenda kiasi cha kumwambia. Nilimhurumia. Ninaandika neno hilo, kumhurumia, na uso wangu unawaka.

Nilifunga Ijumaa nzima. Jumamosi mchana nilikaa kwenye meza yangu ya kulia chakula, nikaweka mikono juu ya kitabu, nikaomba nionyeshwe cha kufanya. Nikapata amani. Naijua sasa ile amani. Ni ile ninayoipata masjala kila faili mbovu inapotua mbele yangu.

Nikachukua raba na kalamu ya wino wa buluu.

Nilifuta noti moja nikaandika nyingine juu yake, kwa uangalifu, nikipuliza vumbi la raba lisibaki katikati ya kurasa. Paka nikamshusha ngazi vizuri. Kwikwi nikaiponya. Mwavuli nikaurudisha ulivyokuwa. Kufikia kipande cha sita nilikuwa nimerekebisha noti ishirini na tatu.

Kipande cha saba ndicho kilichonikasirisha. Sikukihamisha hata kwenye daftari. Mzee anasinzia ibadani, na muziki unamcheka: taratibu, taratibu, kichwa kinashuka, halafu kitu kibaya kinatokea na wimbo unakatika bila kumaliza. Niliona si heshima, kwa dini yoyote. Nilibadilisha noti nane pale pale. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na doa la penseli limening'inia mbali na mengine yote. Nikalifuta pia, kwa usafi tu. Na kwa kuwa kipande kilikatika hewani, nikakiongezea mwisho. Nikaandika sauti mbili nzito, zile ambazo kila Mkristo anazijua. Nikakiwekea Amina.

Jumla ilikuwa noti thelathini na moja. Nilizihesabu kwa sababu nilitaka kuzitaja kwenye ushuhuda wangu.

Na nilizitaja. Jumatano nilisimama mbele ya kina mama, nikasema Bwana amenifungua macho, mimi niliyeanza kujifunza juzi, nikaona makosa thelathini na moja katika kitabu cha mtu aliyesoma. Walisema Amina. Mwenyekiti wetu, Mama Virginia, aliomba kwa ajili ya macho ya mwalimu wangu.

Alhamisi nikampigia mwalimu vyote saba. Sikumwambia lolote. Nilitaka asikie mwenyewe, ashangae, aulize. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao, viganja vyote viwili juu ya kichwa cha fimbo, uso umeinuliwa. Alikuwa anatabasamu kabla sijaanza, kama mtu anayesubiri mgeni anayemjua.

Nilicheza Paka. Tabasamu likabaki pale pale, halikukua. Nilicheza Kwikwi. Baada ya cha tatu akauliza, "Hiyo ni mwavuli?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Endelea."

Nikamaliza Amina. Chini barabarani mchuuzi alikuwa anaita watu waje waangalie soksi. Mwalimu aligeuza uso wake kwangu, ule ukungu wa macho ukinitafuta.

"Mimi niliandika hiyo?"

Ningeweza kusema hapo. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Mchuuzi aliita mara mbili.

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa, mwalimu," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Miaka arobaini nimebeba hizi saba kwa kichwa. Nikiwa kwa foleni ya benki nasikiliza. Nikiwa hospitali na mke wangu nasikiliza. Zilikuwa zinachekesha, mama. Nilikuwa nacheka peke yangu watu wananiangalia." Akasugua kichwa cha fimbo. "Sasa ni kama wimbo ya kumzika mtu mzuri."

Hapo nilielewa. Zile noti thelathini na moja hazikuwa makosa ya macho. Zilikuwa ndio vituko vyenyewe. Paka alikuwa anateleza. Kwikwi ilikuwa kwikwi. Nilikuwa nimeketi mezani kwangu na raba nikafuta kila mahali ambapo mtu alitakiwa kucheka.

Nilifungua mdomo, na yeye akaongea kwanza.

"Ekta alisema. Mwezi jana nilisahau jiko imewaka. Nikasema ni jiko tu, mambo ya muziki hayawezi kutoka. Kumbe imeanza kutoka zamani." Akacheka kidogo, cheko la adabu. "Umecheza vizuri sana. Kidole ya nne imeamka. Enda nyumbani, mama, giza inaingia."

Nikaenda nyumbani.

Sitaeleza siku zile tano kwa urefu. Nilienda kazini. Nilirekebisha faili. Kila asubuhi nilipiga magoti nikaomba kwa ajili ya mwalimu, apewe faraja, apewe nguvu za akili, na kila asubuhi nilijua kabisa kwamba ninamwomba Mungu afanye kazi ambayo mimi ningeifanya kwa simu moja. Niliacha kuomba Jumapili. Jumatatu nilianza tena kwa sababu kutoomba kulikuwa kubaya zaidi.

Jumanne nilipopanda ngazi nilikuta mlango uko wazi na katoni sakafuni. Mwanamke wa makamo aliyevaa suti ya kazi alikuwa anapanga vitabu vya muziki ndani yake. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti, amekaa kama mtu aliyefika kituo mapema.

"Wewe ndiye Mama Mwongeli?" mwanamke akaniuliza. "Mimi Ekta. Baba amekusifu sana."

"Unahama, mwalimu?"

"Nafunga," akasema mwalimu. "Kila duka iko na siku yake."

Ekta alinivuta kando, karibu na dirisha, akashusha sauti, ingawa katika chumba kile hakukuwa na mahali pa kujificha masikio ya baba yake. "Ijumaa nampeleka kwa daktari wa ubongo. Amekubali mwenyewe. Mimi nimemwambia miaka miwili aache hii darasa aje akae na sisi, alikuwa anakataa. Halafu juzi akanipigia, akasema nilikuwa na haki. Anasema amesahau nyimbo zake mwenyewe." Alinishika mkono. "Asante kwa kumvumilia. Si kila mwanafunzi angekaa kimya vile asimuaibishe."

Nikaomba ruhusa niende msalani.

Msala wa ghorofa ile uko mwisho wa korido, unatumiwa na mafundi cherehani wa chumba cha pili. Nilifunga mlango, nikasimama hapo, nikafumba macho. Nilitaka kuomba nipewe maneno. Lakini maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa machache na yalikuwa wazi. Nilichokuwa nikiomba ni maneno mengine, yale ambayo yangeniacha nikiwa mtu mzuri. Sikupewa. Fundi mmoja aligonga mlango, akasema, "Mama, hapa si kanisani," kwa sababu kumbe nilikuwa naomba kwa sauti.

Nikarudi. Nilisimama katikati ya chumba na mkoba wangu begani kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

"Mwalimu, hukusahau. Nilibadilisha mimi."

Ekta aliacha kupanga vitabu.

"Nilidhani uliandika vibaya kwa sababu ya macho. Nilifuta kwa raba nikaandika kwa wino. Uliponiuliza nilikuambia ndivyo ilivyoandikwa, na nilipojua nimeharibu bado nikakaa kimya. Akili yako haina shida. Ulizisikia zote. Ni mimi."

Ekta aliweka chini kitabu alichokuwa ameshika. Mwalimu hakusogea.

"Ngapi?" akauliza.

"Thelathini na moja."

"Na ile Amina?"

"Ni yangu."

"Nilijua." Alisema hivyo taratibu, kwake mwenyewe. "Nilijua mimi siwezi kuandika Amina."

Ekta ndiye aliyeongea kwa hasira, na alikuwa na haki. "Unajua wiki hii amefanya nini? Anakaa kitandani anajipima. Anahesabu kutoka mia kurudi nyuma, saba saba. Anataja barabara zote alizopima, moja moja, kutoka Ngong Road mpaka Moyale. Akikosa moja anaanza upya. Mtu wa miaka sabini na tisa. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naomba," nikasema, na ilikuwa kweli, na sijawahi kusema jambo lililonitia aibu kuliko hilo.

"Wacha, Ekta," mwalimu akasema. Kisha akanigeukia. "Mama, noti ni noti. Mimi nimerekebisha ramani ya watu wakubwa, wengine walikuwa sawa na mimi ndiye nilikosea. Mlima ikahama. Hiyo naelewa." Akagonga fimbo sakafuni mara moja, si kwa nguvu. "Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo yangu, mimi niliandika hiyo? Hiyo haikuwa swali ya muziki."

"Najua, mwalimu."

"Unajua sasa."

Nililia, na hakuna aliyeninyamazisha, na nashukuru kwamba hawakufanya hivyo. Nilipomaliza nilifungua mkoba nikatoa daftari langu la do-re-mi. Nilieleza kwamba vipande sita vya kwanza vilikuwa humo kama alivyoviandika yeye, kabla ya raba. Hata kulikuwa na alama nyekundu ya kuuliza kwenye kila noti niliyoitilia shaka. Kila alama nyekundu ilikuwa noti yake sahihi.

"Sasa hiyo daftari imekuwa na kazi," mwalimu akasema. Alinyanyuka, akaenda kwenye piano, akakaa mwenyewe. "Imba."

Niliimba. Sauti yangu ilikuwa imejaa machozi na ilipasuka, lakini do-re-mi haihitaji uzuri, inahitaji ukweli. Niliimba mstari, yeye akaupiga. Nilipofika kwenye alama nyekundu ya kwanza niliiimba kama ilivyokuwa, mbaya, nje ya njia, na vidole vyake vikaangukia hapo kabla sijaimaliza. Paka akateleza ngazi tatu.

Mwalimu akacheka. Halikuwa lile cheko la adabu. Mabega yalitikisika. Ekta alikuwa amesimama na katoni mkononi, na kwenye Kwikwi nilimwona akiziba mdomo.

"Baba, hii nilikataa kucheza?"

"Ulisema vidole inauma."

Tulirudisha sita jioni ile. Ekta aliandika kwenye karatasi mpya, kwa kalamu nzito ili baba yake angalau aone vivuli. Cha saba hatukuweza. Sikuwa nimekihamisha. Nilizikumbuka noti zote nane nilizobadilisha kwa sababu zilikuwa zimeniudhi, na mtu hukumbuka kinachomuudhi. Lakini mwisho ulikuwa umepotea. Mzee anasinzia, kichwa kinashuka, halafu anashtuka. Anashtuka kwa nini? Mwalimu alijaribu noti moja, akajaribu nyingine. Akakunja uso.

"Kulikuwa na sauti moja pale. Mbaya sana. Ilikuwa nzuri." Akaweka mikono mapajani. "Haiji. Siku ya ukumbi utaweka yako, mama. Wewe ndiye ulifuta."

"Mimi sijui kuchagua noti mbaya, mwalimu."

"Ndiyo nasema uchague."

Wiki tatu nilitafuta noti mbaya. Nilijiuliza kama inaruhusiwa kuomba kwa ajili ya jambo kama hilo, na nikaomba. Sikupata amani yoyote safari hii, nikachukulia hiyo kuwa dalili njema.

Ngina aliwaleta kina mama watano Parklands, wote wamevaa vitambaa vyeupe vya ushirika, wakakaa mstari wa pili. Walikuwa wamekuja kumwona dada yao ambaye Bwana alimfungua macho. Bado sikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimemwambia mwalimu, na nguvu zangu zilikuwa zimeishia hapo. Mwalimu alikaa mstari wa mbele na binti yake. Ile safari ya daktari wa ubongo haikuwa imefanyika. Badala yake alikuwa ameonwa na daktari wa macho.

Nilicheza Paka, na mtu fulani nyuma akacheka, na mwingine akamfuata. Kwenye Kwikwi ukumbi mzima ulicheka. Mstari wa pili haukucheka. Nilimsikia Ngina akinong'ona, na Ngina hajui kunong'ona: "Leo amekosea sana, maskini. Ni woga." Kila noti mbaya ilipotua nilihisi macho ya wote sita mgongoni mwangu, wakinihurumia. Sasa nilijua kuhurumiwa na mtu asiyejua kunafananaje.

Nikafika cha saba. Kichwa cha mzee kikashuka, taratibu, taratibu. Niliweka noti yangu: kitufe cheusi juu kabisa, upande wa kulia, kama sindano.

"Siyo hiyo."

Ilikuwa sauti ya mwalimu, kubwa, ya furaha. Alikuwa amesimama. Ekta alijaribu kumshika mkono akauondoa. Alikuja na fimbo yake mpaka jukwaani, ambalo ni ngazi moja tu, akasimama nyuma ya bega langu mbele ya watu wote.

"Siyo juu, mama. Ni chini. Nimekumbuka. Fimbo yake inaanguka. Mzee analala, halafu fimbo inaanguka sakafuni. Kwa hivyo ni chini kabisa, mbali na zingine." Na kidole chake kimoja kilipita mbele yangu, kikaenda mpaka mwisho wa piano upande wa kushoto, kikabonyeza.

Ilikuwa sauti nzito, fupi, ya kipuuzi. Watu walicheka mpaka wengine wakapiga mapaja. Mimi nilikuwa naona karatasi ya rangi ya chai, na lile doa la penseli lililoning'inia mbali na mengine yote, na raba yangu ikipita juu yake kwa usafi tu.

"Rudia," akasema mwalimu. "Mimi nimesimama hapa."

Nilirudia. Kichwa kikashuka. Nikanyoosha mkono wa kushoto mpaka mwisho, nikaangusha fimbo. Kisha nikaondoa mikono kwenye piano, na hapakuwa na kitu cha kuongeza.

Nje, kwenye maegesho, kina mama walinizunguka. Ngina alinishika kiwiko.

"Usijali, Mwongeli. Ni mwisho tu uliharibika. Lakini yule mzee naye, kukusahihisha mbele ya watu? Amekuaibisha."

"Alikuwa sawa. Nilikosea."

"Basi Jumatano tutakuombea."

"Jumatano nitasimama mimi," nikasema. "Ule ushuhuda wangu, Ngina. Una makosa."

Alinitazama. Kina mama wengine wakasogea karibu. Ningeweza kungoja Jumatano. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema twende, tutachelewa.

"Makosa ngapi?" Ngina akauliza.

"Thelathini na mbili," nikasema, nikiihesabu na ile fimbo, na nikaanza kuwaeleza pale pale.